Zamu ya saa kumi alfajiri

Kila alhamisi alfajiri alamu yangu inalia saa kumi kasoro dakika tano, na wanaoijua Mbeya ya mwezi wa sita na wa saba wanajua maana ya kutoa mguu nje ya blanketi saa hizo. Naamka, najifunga khanga mbili juu ya sweta, nakaa kwenye kiti cha jikoni ili nisiwaamshe watoto. Saa kumi kamili simu inaita. Anayepiga ni kaka mmoja wa ushirika wetu wa kanisani, ni mlinzi kwenye maduka huku mjini, yeye ana zamu ya maombi ya saa tisa na anaiomba akiwa lindoni, na huwa hana maneno mengi, anasema Bwana Yesu asifiwe dada, mtoto wa fulani bado homa haijashuka, yule kijana wa chuo mtihani ni leo, nimekabidhi. Nami namjibu nimepokea kaka, Mungu akulinde. Basi, simu inakatwa, nabaki mimi na Mungu wangu mpaka saa kumi na moja, na hapo na mimi namtafuta wa kwangu wa kumkabidhi.

Nimetaka kuandika habari ya hii zamu siku nyingi. Nakutana na watu wengi sana waliokufa moyo kwenye maombi, wanajihukumu kabisa kwamba wao hawana imani, wakati mi naona shida yao ni kwamba wameachiwa wabebe peke yao kitu ambacho hakikuwekwa kibebwe na mtu mmoja. Na najua hivo kwa sababu nilishakuwa huko.

Mwaka 2017 baba yangu aliumwa. Ukoo mzima tuliomba, tukafunga siku 21, mpaka shangazi ambaye ana presha akafunga na sisi, na siku ya 23 baba akafariki. Sikumwambia mtu yeyote lakini ndani yangu kitu kilizimika. Kanisani niliendelea kwenda, kwaya niliimba, ila kuomba kwa mdomo wangu mwenyewe nilikuwa siwezi tena, nikifumba macho naona ile wodi. Na ukiwa hivo halafu unasikia madhabahuni wanasema ukiomba kwa imani utapokea, unajisikia kama kila mtu anakuangalia wewe, japo hakuna hata anayejua.

Kulikuwa na maombi ya jumatano saa kumi jioni, yale ambayo kila kanisa lipo nayo na watu hawaji. Kwetu walikuwa wanakuja sita, wakizidi sana nane. Mmoja wao alikuwa bibi mmoja wa kinyakyusa, mjane, mwembamba, anakuja na kikapu chake kabisa maana akitoka hapo anapitia sokoni Mwanjelwa. Siku moja nilikuwa nimeenda kuchukua ufunguo wa stoo ya kwaya akaniita, nikamwamkia shikamoo bibi, akaitika marahaba akanishika mkono akasema mwanangu mbona siku hizi sauti yako haipo. Nikadhani anasema kwaya. Kumbe anasema maombi, alikuwa ameona kwamba siku ya ibada mchungaji akisema tuombe, mdomo wangu hauendi. Nikalia pale pale. Nikamwambia bibi mi siwezi kuomba tena. Hakunikemea, hakunipa mistari, akasema tu, "Basi uwe unakuja unakaa. Mimi nitaomba, wewe kaa."

Kwa hiyo nikawa nakaa. Nadhani ni miezi minne au mitano nilikuwa naenda jumatano nakaa pembeni yake kwenye benchi nanyamaza, yeye anaomba kwa sauti ya chini kinyakyusa na kiswahili vimechanganyika, na mara moja moja jina la mama yangu linapita humo, la wadogo zangu, la kwangu. Watu wanaposema uanafunzi wanafikiria darasa na vitabu vya masomo, na hayo ni mazuri, nimeyasoma na yamenisaidia. Ila uanafunzi ulioniokoa mimi ulikuwa benchi. Hata wale kumi na wawili, ukisoma Luka 11 Yesu alikuwa mahali fulani akiomba, wakakaa wakamngoja amalize ndo mmoja akasema "Bwana, tufundishe sisi kusali". Walianza kwa kukaa karibu na anayeomba.

Bibi alikuwa na daftari, lile la kawaida la shule la kurasa 96, limefungwa kwa kipande cha khanga. Kila mstari ni jina la mtu na kitu kimoja. Kikijibiwa anapiga mstari kwa rula, kwa rula kabisa, halafu pembeni anaweka tarehe. Mtu akifariki hafuti, anaandika chini yake majina ya watoto aliowaacha na kuendelea nao hao. Jina la kwanza kabisa juu lilikuwa la mwanawe wa tatu aliyeondoka kwenda kwenye machimbo ya dhahabu Chunya mwaka 2004, mwanzoni alikuwa anatuma salamu, baadaye salamu zikakoma. Madaftari yalikuwa yanajaa anahamia jingine, na kila daftari jipya anaanza na jina lile lile. Nilimuuliza siku moja, bibi huchoki? Akasema mwanangu nachoka, kuchoka ninachoka sana, ila naenda nikiwa nimechoka hivo hivo.

Nikaja kuusoma tena ule mfano wa mjane na kadhi kwenye Luka 18 nikauona mpya. Luka anatangulia kusema kabisa mfano ni wa nini, "ya kwamba imewapasa kumwomba Mungu sikuzote, wala wasikate tamaa." Mi nilikuwa nimekariri kwamba yule mjane alishinda kwa ukali wake, kwa kupaza sauti. Hapana. Soma maneno ya kadhi mwenyewe, anasema "asije akanichosha kwa kunijia daima". Kilichomchosha ni miguu ya yule mama, kwamba leo yupo, kesho yupo, keshokutwa akifungua mlango yupo. Na Yesu hasemi Mungu ni kama yule kadhi, anasema hata kadhi dhalimu alifanya hivo, je Mungu kwa wateule wake? Na yule rafiki wa usiku wa manane wa Luka 11 naye, tunahubiri sana alivyogonga tunasahau alikuwa anaomba mikate ya nani. Hakuwa na njaa yeye. Mgeni amefika kwake kutoka safarini, na yeye anasema "nami sina kitu cha kuweka mbele yake". Alikuwa anagonga mlango kwa ajili ya tumbo la mtu mwingine. Mi nikiisoma hiyo namuona bibi na daftari lake.

Sasa hapa nirudi nyuma kidogo kwenye historia ya kanisa letu la Moravian, maana zamu tunayoshika haikuanzia kwetu. Kila mwaka 13 Agosti tunaadhimisha, watoto wanaimba, tunakula, na wengi wetu ukituuliza siku hiyo kulitokea nini tunasema Roho Mtakatifu alishuka Herrnhut basi. Mwaka 2018 mchungaji wetu wa wakati ule aliamua kutufundisha jumatano tatu mfululizo nini hasa kilitokea, na mi nikaenda kusoma zaidi mwenyewe.

Herrnhut ni mji mdogo Ujerumani, upande wa mashariki kule Saxony, jina lenyewe maana yake ni chini ya ulinzi wa Bwana. Mwaka 1722 fundi seremala aitwaye Christian David aliwaongoza wakimbizi kutoka Moravia, ambayo leo ni sehemu ya nchi ya Czech, watu waliokuwa wanateswa kwa ajili ya imani yao, wakapewa hifadhi kwenye ardhi ya kijana tajiri Zinzendorf, ambaye mwenyewe alikuwa na miaka 22 tu. Wakaongezeka, wakaja na wengine wa makanisa mengine, kufika 1727 walikuwa kama 300. Na walikuwa wanagombana! Mi hii sikuwahi kufundishwa sunday school. Walikuwa wanagombana juu ya liturjia, juu ya mafundisho, juu ya nani anamtawala nani, ikafika mahali mmoja wao akawa anamtangaza Zinzendorf, mtu aliyewapa ardhi, kuwa ndo mnyama wa kwenye Ufunuo. Watu waliokimbia makwao kwa ajili ya Yesu, wamefika salama, halafu wanatafunana wao kwa wao.

Zinzendorf akachukua ruhusa kwenye kazi yake ya serikali kule Dresden akaja kukaa nao, akawa anapita nyumba kwa nyumba anaongea na watu. Tarehe 12 Mei 1727 wakakubaliana maisha yao ya pamoja yawe vipi, wakapeana mikono. Wakaanza vikundi vidogo sana, watu wawili watatu, wanakutana kuambiana ukweli wa hali zao za roho na kuombeana. Miezi ile ya kiangazi ikaenda hivo, watu wanatafutana wanapatana. Ndo inakuja 13 Agosti, wanashiriki meza ya Bwana kwenye kanisa la Berthelsdorf, kijiji cha jirani, na ule upendo ukawamwagikia, wakatoka pale ni watu wengine. Wiki mbili baadaye, 27 Agosti, wanaume 24 na wanawake 24 wakaagana kwamba kila mmoja atashika saa yake, ili usiku na mchana kusiwe na saa ambayo hakuna anayeomba. Walilishika lile neno la Walawi 6:13, "Moto utatunzwa uwake juu ya madhabahu daima, usizimike." Zamu ile iliendelea zaidi ya miaka 100. Zinzendorf alifariki 1760 na zamu haikufa, wale wa kwanza wote walikufa na zamu haikufa, ikapokewa na watoto na wajukuu.

Naomba uangalie mpangilio wa tarehe hapo. Mei wanapatana, Agosti 13 wanashiriki, Agosti 27 ndo wanaanza zamu. Sisi tunataka kuanza na 27.

Na yaliyofuata yanatuhusu mpaka sisi huku. Mwaka 1731 mtumwa mmoja aitwaye Anthony, mtu wa kisiwa cha St. Thomas kule Karibi, alifika Herrnhut akawasimulia habari za dada yake na watumwa wenzake kule waliokuwa na kiu ya kumjua Mungu. Mwaka 1732 wakaondoka wawili kwenda, Leonhard Dober mfinyanzi na David Nitschmann seremala. Mafundi wa kawaida. Na kutoka hapo wakaenda wengine na wengine, mpaka 1891 wanne wakaja huku kwetu kupitia ziwa Nyasa, mmoja wao akafariki mwaka huo huo, waliobaki wakajenga kituo cha misheni Rungwe. Miaka kadhaa walikaa kabla ya kubatiza mtu wa kwanza. Leo Tanzania ndo yenye Wamoravian wengi kuliko nchi yoyote duniani. Bibi yangu huyu ni mtu wa Rungwe. Kwa hiyo jumatano ile ya tatu mchungaji alipomaliza nilimwangalia bibi na kikapu chake nikajisemea, huyu ni jibu la saa ya mtu fulani aliyekuwa anapiga magoti usiku kwenye theluji na hata hakujua kama kuna mahali panaitwa Tukuyu huko Rungwe.

Tukaamua na sisi. Hatukuweza siku zote saba, tukasema tuanze na siku moja, kuanzia jumatano saa kumi na mbili jioni mpaka alhamisi saa kumi na mbili jioni, zamu 24. Karatasi ikabandikwa pale mlangoni. Jumapili ile ile zamu za mchana na za jioni zilijaa, walimu, wafanyakazi wa ofisini, wazee wa kanisa, mtu anaweka jina saa tatu asubuhi, saa saba mchana, saa mbili usiku. Kuanzia saa sita usiku kwenda mbele karatasi nyeupe, isipokuwa saa kumi, pale bibi alikuwa ameandika jina lake kwa herufi kubwa, kwa sababu ndo saa anayoamka siku zote za maisha yake.

Wiki mbili tukawa na zamu zenye mashimo. Halafu usiku ukajazwa na watu ambao hatukuwafikiria kabisa. Kijana mmoja wa bodaboda ambaye kijiwe chake kiko Kabwe akasema mi saa nane usiku nipo macho nasubiri abiria wa mabasi, nipeni hiyo. Akawa anaomba amekaa juu ya pikipiki amefunga zipu ya jaketi mpaka puani. Yule kaka mlinzi akachukua saa tisa. Nesi mmoja mwenye zamu za usiku akachukua saa saba, na wiki akiwa mchana anabadilishana na mwenzake. Saa kumi na moja alfajiri akachukua mama muuza vitumbua, anasema wakati anapepea mkaa ndo anaomba, na amenifundisha kwamba moto wa mkaa na maombi vinataka kitu kimoja, uwe karibu, ukienda mbali kidogo ukarudi unakuta majivu. Usiku wa kanisa letu ulishikwa na watu ambao maisha yenyewe yanawakesha. Na mi nikiwasikia wanaolalamika kwamba kanisa halina waombaji huwa nauliza, mlienda kuwauliza walio macho?

Sisemi mikesha mikubwa ya spika na kwaya ni mibaya, nimeipenda na nimeokolewa kwenye mkesha. Ila mkesha unakuja mara moja, watu wanatoka jasho, jumatatu kila mtu yuko kwake. Kinachotengeneza mwanafunzi wa Yesu ni alhamisi ya kawaida ambayo hakuna anayekuona na mwenzio anangoja simu yako.

Ile kanuni ya simu aliileta bibi. Alisema zamu haikabidhiwi kwa meseji, inakabidhiwa kwa sauti. Anayemaliza ampigie anayepokea, amwambie haja zilizopo, aseme nimekabidhi. Mwanzoni tuliona ni gharama ya vocha tu, mi sikuelewa mpaka 2019 yaliponikuta.

Wakati ule nilikuwa na zamu ya saa mbili usiku na aliyekuwa ananipokea saa tatu ni dada mmoja tuliyekuwa naye kwenye kikoba. Nilimkopesha laki tatu pembeni, hela ya ada ya mtoto wangu, akasema mwezi mmoja. Ikawa miezi mitano, simu hapokei, kanisani anapita mlango wa pembeni. Nikawa namkabidhi zamu kwa meseji. "Nimekabidhi." Naye anajibu "Nimepokea." Tunaomba wote wawili, saa moja baada ya nyingine, kwa kanisa lile lile, na hatusalimiani. Hii ilienda wiki sita. Na nakwambia ukweli zile saa zilikuwa kavu, nilikuwa nasema maneno tu.

Bibi akajua, sijui nani alimwambia. Akaniita akaniuliza, kwa nini unamkabidhi mwenzio kwa meseji? Nikaanza kueleza habari za laki tatu, nina haki, ada ya mtoto. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema una haki. Halafu akafungua Mathayo 5 akanipa nisome mwenyewe, pale pa kuacha sadaka mbele ya madhabahu, "upatane kwanza na ndugu yako". Akasema jumatano hii saa yako ya mbili usiku usiombe. Nenda kwake.

Nilienda. Nilikuwa na hasira njia nzima kwenye bajaji. Nikamkuta anakaa chumba kimoja na watoto wanne, mume alikuwa ameondoka tangu mwezi wa tatu na hakuna mtu aliyejua kanisani, kwa aibu alikuwa anasema amesafiri kikazi. Alikuwa anatuombea sisi wote kila jumatano na hakuna aliyekuwa anamwombea yeye kwa sababu hajasema, na hajasema kwa sababu hakuna aliyekuwa anaongea naye, tunatumiana meseji. Tulikaa mpaka saa tatu na nusu. Zamu mbili za kanisa usiku ule hazikuombwa na nafikiri ndo usiku ambao tuliomba kuliko wote. Hela alinilipa kidogo kidogo, ilichukua mwaka na zaidi, elfu kumi, elfu ishirini, na jina lake liliingia kwenye daftari la bibi na la mumewe pia.

Mwaka 2022 macho ya bibi yakawa hayaoni vizuri tena, binti yake akaja akamchukua akakae naye Tukuyu. Siku anaondoka nilienda kumsaidia kufunga mizigo. Akanipa lile daftari akasema saa kumi ni yako. Sikuwa nimeomba hiyo saa, nilikuwa naipenda ya kwangu ya saa mbili, lakini nikapokea kwa mikono miwili kama mtu anavyopokea kwa mkubwa.

Yule mwanawe hajarudi. Tangu 2004. Nimeuliza watu wanaoenda Makongolosi huko Chunya, nimepeleka jina, wengine wanasema walimsikia alivuka kwenda Zambia, wengine hawamjui. Sijui kama yuko hai. Kuna alfajiri nikifika kwenye jina lake nasikia kabisa ile sauti ya wodini ya 2017 inaniambia umeona, si nilikwambia. Zamani ningefunga daftari. Sasa hivi nayataja majina yake yote matatu, la kwake, la babake, la ukoo, nanyamaza kidogo, naenda mstari wa pili. Daftari hili la kwangu limeshajaa, mwezi uliopita nimenunua jipya pale sokoni, na nilipofungua ukurasa wa kwanza mkono wenyewe ulijua uandike jina gani juu.

Bibi ananipigia jumapili jioni, binti yake anamshikia simu. Haulizi habari za kanisa kwanza. Anauliza alhamisi ulipokea kwa nani, namwambia kwa mlinzi bibi. Ukamkabidhi nani, namwambia mama wa vitumbua. Kwa sauti? Ndiyo bibi, kwa sauti. Anasema haya, sasa nisomee majina, nami nafungua daftari nasogea karibu na taa naanza kumsomea kuanzia juu.